Kuchagua kompyuta na programu ya kurekodia muziki nyumbani

Wengi wanaotaka kurekodi muziki nyumbani hununua kompyuta kwanza, kisha hutafuta programu ya kuweka, na mwisho kabisa ndipo hujiuliza watarekodi nini. Kwa mpangilio huo fedha nyingi huenda pasipohitajika. Anzia upande wa pili: jua utarekodi nini, chagua programu inayofaa kazi hiyo, halafu angalia programu hiyo inadai kompyuta ya namna gani. Mara nyingi utakuta mashine inayotosha ni ya kawaida tu, pengine hiyo hiyo uliyo nayo.

Utarekodi nini?

Ukiimba na kupiga gitaa, ukaongeza sauti za pili na labda kinanda, kompyuta haina kazi nzito. Inapokea sauti, inaiandika kwenye diski, basi. Traki moja (safu moja ya sauti ndani ya wimbo) ya mono iliyorekodiwa kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 utafika kama megabaiti 690. Laptopu ya miaka ya karibuni yenye RAM ya gigabaiti 8 inaumudu wimbo huo bila jasho.

Hali hubadilika ukitengeneza midundo kwa ala zilizomo ndani ya kompyuta. Sintetiza hukokotoa kila noti papo hapo, kwa hiyo hubana prosesa. Ala za sampuli, mfano piano halisi iliyorekodiwa noti kwa noti kwa nguvu tofauti za vidole, zinaweza kupakia gigabaiti nzima au zaidi kwenye RAM kabla hujagusa kinanda. Anayefanya kazi ya aina hii aanze na RAM ya gigabaiti 16.

Bendi nzima kwa mpigo mmoja ni suala jingine. Ngoma peke yake hutaka maiki 4 hadi 8. Hapo kinachokwamisha ni idadi ya matundu ya kuingizia sauti, kwa hiyo fedha ziende kwenye kadi ya sauti ya nje (kifaa kinachoingiza sauti za maiki na ala kwenye kompyuta) yenye njia 8 na kwenye maiki. Kompyuta ya kawaida itazipokea njia hizo zote.

Programu kabla ya mashine

Swali la kwanza ambalo kila anayeanza huuliza ni programu ipi ina sauti nzuri zaidi. Zote ni sawa. Ukiweka faili ile ile ndani ya programu tano bila kugusa chochote, itatoka vile vile. Uzuri wa sauti unatoka kwenye chumba, maiki, na mtu anayeimba. Programu zinatofautiana kwa mtiririko wa kazi, kwa mfumo endeshi zinaoukubali, na kwa aina ya plagini (programu ndogo za ala na za kurekebisha sauti) zinazoziingiza.

Mwenye Mac asihangaike: GarageBand ni ya bure, ina ngoma, besi, vinanda na vikuza sauti vya gitaa, na mradi wake hufunguka moja kwa moja ndani ya Logic Pro siku utakapohitaji makubwa zaidi. Kumbuka tu kwamba GarageBand na Logic hazipo kwa Windows wala Linux. Ukihamia mashine nyingine, utahama na faili za sauti peke yake.

Kwa Windows, pendekezo letu la kwanza kwa anayerekodi sauti za watu na ala halisi ni Reaper. Inakaa kwenye nafasi ndogo mno ya diski, inawaka upesi hata kwenye mashine nyonge, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, bila kufuli lolote, kisha unatakiwa kununua leseni. Udhaifu wake ni kwamba haiji na ala za maana: ina vichuja sauti, vibana sauti na mwangwi vya kutosha, lakini anayetaka ngoma na piano atazitafuta mwenyewe. Pia mwonekano wake umejaa vitufe, na wiki ya kwanza inachosha. Vumilia wiki hiyo.

Mtengeneza midundo atajisikia nyumbani zaidi kwenye FL Studio au Ableton Live. FL Studio ina mpangilio wa visanduku vya hatua unaomwezesha mtu kupata mdundo ndani ya dakika chache, na ukiinunua mara moja unapata matoleo yanayofuata bila kulipa tena. Lakini ujue mtego wa toleo lake la majaribio: linakuruhusu kuhifadhi mradi, ila halitakufungulia tena mradi huo mpaka ununue. Wapo wanaofanya kazi mwezi mzima kabla ya kugundua hilo. Kila ukimaliza kikao kwenye toleo la majaribio, toa traki zote kama faili za WAV. Ableton Live kamili hutolewa kwa majaribio ya siku 30, na toleo lake dogo, Live Lite, huja pamoja na kadi nyingi za sauti na vinanda vya MIDI (vinavyotuma amri za noti kwa kompyuta badala ya sauti). Kabla ya kulipia programu yoyote, soma kwenye boksi la kadi ya sauti unayotaka kununua. Huenda leseni imo.

Audacity ni ya bure na ni rahisi, nayo inafaa kwa kurekodi sauti moja, kukata, kusafisha na kubadilisha aina ya faili. Kujenga wimbo mzima ndani yake ni kujitesa, kwa sababu haikutengenezwa kwa ajili ya ala za MIDI. Pro Tools Intro ni ya bure pia, ila imewekewa kikomo cha traki 8 za sauti. Waveform Free haina kikomo cha traki. Kwa Linux kuna Ardour, na ni programu ya kazi kweli kweli.

Jambo moja la kukagua kabla ya kujifunga na programu: plagini. Plagini za aina ya VST hukubaliwa na programu nyingi za Windows na Mac. GarageBand na Logic hutumia AU pekee, na Pro Tools hutumia AAX. Plagini uliyoipakua ikiwa na VST peke yake, haitaonekana ndani ya GarageBand hata ukiisakinisha mara kumi, na tatizo halitakuwa la kompyuta yako.

Ushauri wetu ni huu: chagua moja, maliza nyimbo tatu ndani yake, ndipo ufikirie kuhama. Anayeruka kutoka programu hadi programu hujifunza menyu badala ya muziki.

Prosesa: usidanganywe na jina

Maandishi i5 na i7 kwenye kibandiko hayatoshi kukuambia kitu. Angalia namba zinazofuata. Kwa prosesa za Intel zenye majina ya namna hiyo, tarakimu ya kwanza au mbili za kwanza baada ya kistari ndizo kizazi chake: i7-7500U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Sasa tazama: ile i7-7500U ina viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) 2 tu, wakati i5-8250U ina viini 4. Anayenunua kwa kusoma jina atalipa zaidi apate pungufu.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. U ni prosesa ya kutunza umeme, H ni yenye nguvu zaidi, na mara nyingi huja na joto na kelele za feni. Kwa anayeanza, viini 4 vya kizazi cha 8 kwenda juu, au AMD Ryzen 5 ya rika hilo, vinatosha kabisa.

Kasi ya kiini kimoja ni muhimu kuliko wingi wa viini. Plagini zilizopangwa kwenye traki moja hufanya kazi kwa zamu, ya pili ikisubiri ya kwanza imalize, kwa hiyo mlolongo mzima huangukia kiini kimoja. Ndiyo maana mtu anaweza kuona kompyuta yake imetumia asilimia 30 tu ya nguvu zake na bado sauti inakatika: kiini kimoja kimeelemewa, vingine vimekaa.

Kwa upande wa Mac, mashine zenye prosesa za M1, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, zinafaa sana hata zikiwa zimetumika. MacBook Air ya M1 haina feni, na kwa anayerekodi sauti chumba kimoja na kompyuta hiyo ni faida kubwa. Tahadhari: RAM na diski yake haziongezwi baada ya kununua. Mac za Intel tuziache; Apple ilishatangaza kwamba macOS 26 ya 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali.

RAM, diski na vinginevyo

Kwenye laptopu za Windows, uliza kama RAM inaweza kuongezwa. Mashine yenye gigabaiti 8 na nafasi moja tupu ni bora kuliko yenye gigabaiti 8 zilizochomelewa kwenye bodi. Vijiti viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha 16.

Diski iwe SSD. Kwa hili hatuna mjadala. Laptopu ya zamani yenye diski ya kuzunguka ikibadilishiwa SSD huwa kama mashine nyingine, na pia kelele ya diski hupotea kwenye maiki. Gigabaiti 512 zinatosha kuanzia. 256 hujaa haraka ukianza kukusanya ala za sampuli. Diski ya zamani usiitupe, ifanye ya nje ya kuhifadhia nakala.

Kadi ya picha yenye nguvu haisaidii lolote kwenye kurekodi. Laptopu za michezo ya video zinauzwa ghali kwa sababu ya kadi hiyo, na feni zake hupiga kelele unapotaka ukimya. Kioo cha inchi 15 kinasaidia macho unapopanga traki 20, lakini unaweza kuunganisha kioo cha nje baadaye.

Matundu ya USB yahesabiwe kabla ya kulipa: moja la kadi ya sauti, moja la kinanda cha MIDI, moja la diski ya nje. Kadi ya sauti ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukiipitisha kwenye kigawanyo cha USB kisicho na umeme wake, kadi inaweza kukosa nguvu hasa unapowasha volti 48 za maiki ya kondensa, na utaona inapotea na kurudi katikati ya kurekodi.

Ukinunua iliyotumika

Nenda na flashi yenye Reaper. Kisakinishi chake ni kidogo na kinaweza kuwekwa kwenye flashi yenyewe bila kugusa kompyuta ya mtu. Fanya hivi:

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Performance. Soma jina kamili la prosesa, kiasi cha RAM, nafasi za RAM zilizotumika, na kama diski imeandikwa SSD au HDD.
2. Fungua Reaper, tengeneza traki 16, weka kwenye kila moja kichuja sauti, kibana sauti na mwangwi, na faili yoyote ya sauti inayojirudia. Cheza dakika 10. Fungua Performance Meter na utazame RT CPU, yaani mzigo wa prosesa wakati sauti inacheza. Sikiliza pia feni.
3. Fanya hivyo hivyo chaja ikiwa imechomolewa, kisha imechomekwa. Mashine ikipoteza kasi ghafla baada ya dakika chache, ina joto. Inahitaji kusafishwa au ina hitilafu.
4. Tikisa kebo kwenye kila tundu la USB. Tundu lililolegea litakuharibia kazi nzuri siku moja.

Jambo la mwisho kwa iliyotumika: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi hutaka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa jumla, Intel ya kizazi cha 8 au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 kwenda juu. Mashine ya chini ya hapo inaweza kurekodi vizuri tu, ila iweke nje ya intaneti au iwekee Linux.

Kuchelewa kwa sauti, na bafa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani kompyuta yao ni mbovu. Unaimba, na sauti yako inakurudia masikioni ikiwa imechelewa. Chanzo ni bafa. Kompyuta haibebi sauti tone kwa tone. Inaijaza kwanza kwenye ndoo, ndipo inaibeba. Ndoo kubwa huchelewa kujaa. Ndoo ndogo hujaa haraka, lakini prosesa inalazimika kwenda na kurudi mara nyingi, na ikizidiwa unasikia mikwaruzo.

Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 64 ni milisekunde 1.3, ya 128 ni 2.7, ya 256 ni 5.3, na ya 1,024 ni 21.3. Hiyo ni safari ya upande mmoja. Sauti huingia na kutoka, kwa hiyo zidisha mara mbili, kisha ongeza muda wa kadi yenyewe. Jumla ikizidi milisekunde 10 hivi, waimbaji wengi huanza kuhisi. Rekodi ukiwa na 64 au 128. Ukimaliza kurekodi na kuanza kuchanganya, panda hadi 1,024 ili prosesa ipumue.

Kwenye Windows, namba hizi hufikiwa kwa draiva (programu inayounganisha kifaa na kompyuta) ya aina ya ASIO. Tumia ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi yako ya sauti, uipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji. ASIO4ALL ni msaada kwa asiye na kadi ya nje. Mwenye kadi yenye draiva yake asiitumie. Mac ina mfumo wake wa sauti, Core Audio, tayari, na kadi nyingi hufanya kazi bila kusakinisha kitu.

Njia nyepesi kuliko zote: kadi nyingi zina kitufe cha Direct, kinachokupa sauti yako moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Kiwashe, halafu zima usikilizaji wa traki hiyo ndani ya programu. Ukisahau kuzima utajisikia mara mbili.

Hedifoni za Bluetooth ziweke kando. Kwa kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, na hakuna bafa itakayolirekebisha hilo. Tumia za waya, zilizofunika masikio, ili mdundo usivuje na kuingia kwenye maiki.

Yanayoharibika na sababu zake

Mikwaruzo na kukatika wakati prosesa haina kazi. Mara nyingi ni draiva nyingine inayoishika kompyuta kwa muda mfupi mno, na ya Wi-Fi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Zima Wi-Fi na Bluetooth, ujaribu tena. Kama inaendelea, programu ya LatencyMon itakuonyesha jina la draiva inayosumbua. Weka pia mpango wa umeme wa utendaji wa juu, na uzuie Windows kulaza matundu ya USB.

Wimbo unasikika juu au chini kuliko ulivyopigwa. Mradi uko 44,100 na kadi iko 48,000, au kinyume chake. Tofauti hiyo husogeza sauti kwa karibu nusutoni moja na nusu. Chagua kiwango kimoja mwanzoni mwa mradi na ukiache hapo. Kwa anayeanza, 48,000 na biti 24 ni chaguo zuri. 96,000 huongeza mzigo mara mbili bila faida utakayoisikia.

Mvumo mzito chaja ikichomekwa. Chomoa chaja usikilize. Ukitoweka, ni suala la ardhi ya umeme: chomeka kompyuta, kadi na spika kwenye kigawanyo kimoja chenye waya wa ardhi. Usikate pini ya ardhi ya plagi. Inalinda maisha yako.

Sauti imepasuka ingawa programu haionyeshi kosa. Geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) kwenye kadi ilikuwa juu mno wakati wa kurekodi, na sauti iliyopasuka hapo haitengenezeki. Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yake ya nguvu kabisa, uweke kilele karibu na desibeli −12 kwenye mita ya programu. Kwa biti 24 huna haja ya kukaribia 0.

Feni inasikika kwenye maiki. Weka laptopu mita 2 mbali, chini ya usawa wa maiki, na mgongo wa maiki uielekee. Maiki ya kadioidi husikia kidogo kabisa kwa nyuma. Funga kivinjari na kila kitu kisichohitajika ili prosesa isipate joto. Mradi ukiwa mzito, gandisha traki za ala: programu itaigeuza ala kuwa faili ya sauti ya muda na kuachia prosesa na RAM.

Traki mpya ziko nyuma ya mdundo kidogo, kila mara kwa kiasi kile kile. Draiva inaiambia programu muda usio sahihi. Chukua kebo, unganisha tundu la kutolea la kadi na la kuingizia, cheza mlio wa metronomu huku ukiurekodi kwenye traki nyingine. Vuta picha karibu upime tofauti kwa sampuli. Sampuli 480 kwa 48,000 ni milisekunde 10. Ingiza namba hiyo kwenye mipangilio ya programu, rudia kipimo, na mistari miwili ikipandana, umemaliza.

Maiki ya USB haikubali kufanya kazi pamoja na kadi ya sauti. Kila kimoja kina saa yake ya ndani, na ASIO hushika kifaa kimoja kwa wakati. Mac inaweza kuviunganisha, lakini saa zikipishana sauti hupishana pia. Ukipanga kukua, nunua kadi na maiki ya kawaida ya waya wa XLR tangu mwanzo.

Nyimbo zilizofunguka bila sauti. Faili zilikuwa zimetawanyika, nyingine kwenye folda ya vipakuliwa, nyingine kwenye flashi. Kila mradi uwe na folda yake, na kwenye Reaper weka alama kwenye kisanduku cha kunakili faili zote ndani ya folda ya mradi unapouhifadhi. Baada ya kila kikao nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Na mradi ukiwa katikati, usisasishe mfumo endeshi wala draiva. Subiri wimbo utoke, ndipo usasishe, ujaribu kadi na plagini zako kabla ya kuanza mwingine.